Kanzu Yako Sikuigawa

Mwanangu Twahir,

Salamu sikuandikii, kwa kuwa asubuhi tumeamkiana, ukanibusu mkono kama ulivyozoea, ukaniuliza mbona unatetemeka, kwani nina homa. Sina homa. Nina hofu, mwanangu, na imenikaa tangu siku ya hina ya harusi ya binamu yako Rukia, yapata miezi miwili na nusu sasa.

Saa hii ni baada ya alasiri. Wewe umekwenda kwa kinyozi na binamu zako. Mamako mdogo Zuhura yuko jikoni anakaanga samaki, nami nimemwambia nakupangia nguo, nikajifungia huku kwenye chumba changu cha kuchorea hina. Baada ya isha watu watajaa kuja kukusomea dua ya safari, na mjomba wako Athmani ataketi kwenye kiti cha marehemu babako akuusie mambo ya Maskati. Nataka niwe nimemaliza kabla hajaingia. Akiniona na kalamu ataniuliza naandika nini, na kaka yangu huyo sijui kumficha kitu. Namwogopa. Nina miaka hamsini na mbili, nimezika mume, nimelea, na bado namwogopa.

Barua nitaiweka ndani ya pasipoti yako, maana hiyo ndiyo unayoifungua kila saa kuitazama viza.

Mambo ya safari sitakutajia. Baridi ya viyoyozi, laini ya simu, namna ya kumwamkia huyo tajiri wa duka, umeambiwa na kila mtu mpaka nimekuona ukipiga miayo. Mimi nataka kukuambia nilipokosea. Si rahisi, kwa kuwa wewe umekulia kunijua mimi kama mtu asiyekosea, na mimi mwenyewe nilipenda unijue hivyo.

Unamkumbuka Maimuna wa chuo cha Kurani? Ulikuwa na miaka tisa. Ulimsukuma kwenye ngazi za chuo, jino la mbele likakatika, damu ikamjaa kwenye mtandio. Mwalimu akakuleta mpaka mlangoni amekushika sikio. Mimi nilifanya nini? Nilisonga unga, nikachoma kaimati, nikazipanga kwenye sahani nzuri, nikaifunika kwa kawa, nikavaa buibui langu la kutokea, nikaenda kwa mamake. Nikakaa, nikasema mtoto ni mtoto, nikaomba radhi mpaka yule mama akaona haya kunikasirikia. Niliporudi ulikuwa barazani unafyonza barafu ya ukwaju. Ukaniuliza wamesemaje. Nikakwambia yamekwisha. Ukauliza kama kaimati zimebaki.

Nilicheka, Twahir. Wallahi nilicheka, na jioni nikamsimulia babako akacheka naye. Leo swali lile silichekei.

Halafu ukawa na miaka kumi na sita, ukampiga picha binti wa watu bila yeye kujua na picha ikatembea kwenye simu za shule nzima. Nilikwenda mimi tena. Mara hiyo sikubeba kaimati, nilimbeba mjomba wako, akaongea na mkuu wa shule faraghani, na yule binti ndiye aliyehamishwa. Wewe hukukanyaga ofisi ile. Hukuwahi hata siku moja kusimama mbele ya mtu uliyemkosea na kumtazama. Kila ulipokosa, nilikwenda mimi. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi, na pengine ni mapenzi, lakini sasa naona nilikuwa nakulea kwa ajili ya siku ile ya hina.

Na hiyo siku ya hina nataka niiandike yote, kwa sababu ndani ya nyumba hii haijasemwa hata mara moja kwa jina lake. Tunasema "yale mambo". Na yeye tunamwita "yule". Jina lake ni Dama. Ni Dama binti wa Mama Dama, aliyekuwa akiuza mboga pale kona ya Mishomoroni na kupanga vyumba vyetu viwili vya nyuma kwa miaka kumi na mmoja. Dama alikuja hapa ana miaka tisa, hajui hata lafudhi ya mji, anasema Kigiriama kitupu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchambua mchele. Wewe ulimfundisha baiskeli humu uani, akaanguka kwenye karo la kufulia, ukambeba. Alikuwa akikuita Kaka Twahir. Ana miaka ishirini na anasomea ushonaji.

Rukia alimwalika mwenyewe. Tangu asubuhi nilikuwa nachora, bibi harusi kwanza, kisha mashoga zake, na Dama nikamweka mwisho ili nimchore kwa nafasi. Alikuwa hajawahi kupakwa hina maishani mwake. Aliinyoosha mikono kama anayepokea kitu. Nilimchora pande zote mbili mpaka juu ya vifundo, nikampaka na kucha, na kwenye kiganja cha kulia nikamwekea ua ambalo sijamchorea mtu mwingine, asumini lenye majani sita na nukta tatu katikati. Akafurahi mpaka akaona haya. Wakati huo wanawake wakaniita nyumba ya tatu, bibi harusi anatolewa, ngoma zimeanza. Nikamwambia Dama, "Kaa hapa, usiguse kitu mpaka ikauke."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nilimkalisha kwenye mkeka huu ninaoandikia juu yake, nikamwegemezea mto, nikaenda kupiga vigelegele.

Akakaa. Hakugusa kitu. Nawe ukaingia kubadilisha kanzu.

Nilipokuuliza baadaye, na ulinijibu mara moja tu, ulisema, "Mama, kama hakutaka, mbona hakupiga kelele?" Ukaongeza kwamba alikuwa amekaa tu. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ukakuchukua kama kukubali. Basi nikujibu leo. Kelele alipiga, ila sisi tulikuwa tunapiga zaidi, na mimi nilikuwa mbele ya wote. Na kukaa tu, mwanangu, mimi nimekaa na wanawake wenye hina mbichi kwa miaka thelathini. Nimewalisha kwa kijiko, nimewafunga mitandio, nimewakuna pua, nimewashika mkono kuwapeleka chooni. Mtu aliyepakwa hina mikono yote miwili ni kama mtoto mchanga, hawezi hata kujifunika. Kila mtu aliyelelewa katika nyumba hii anajua hivyo. Wewe umelelewa humu. Ulijua.

Alikuwa na mikono ile tu ya kukuzuilia, ile niliyomwambia asiguse nayo kitu. Akaitumia.

Magharibi nilirudi. Dama hayupo, mto uko upande wa pili wa chumba, na punje za hina kavu zimetapakaa mkekani. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na alama ya vidole vitatu. Nikasimama hapo, na kabla sijafikiri lolote ukapita kutoka bafuni umeoga, unanukia sabuni, umevaa shati jipya. Ukaniangushia kanzu mkononi. Ukasema, "Mama, kanzu imeingia hina, uitoe kabla ya Ijumaa."

Kwa sauti ile ile ya kuomba chai. Twahir, nimezaa, nimeuguza, nimemkosha maiti mamangu mzazi, na sijapata kuogopa kama nilivyoogopa sauti ile. Hukukasirika wala hukutishika. Ulikuwa na hakika tu kwamba itatoka.

Nikaikunjua chini ya taa. Palikuwa na mkono mzima kifuani, chini ya darizi, vidole vitano vimevutwa kuelekea begani. Na pale kiganja kilipokaza kwanza, nusu ya ua ilikuwa imejichapa. Majani matatu na nukta tatu. Kila mchoraji ana mkono wake, nami mkono wangu naujua hata gizani.

Basi nilijua. Nataka ujue kwamba nilijua tangu usiku ule, kabla ya mtu yeyote kusema neno. Na nilichofanya ni kukamua ndimu. Mimi ninayewaambia wateja kila siku kwamba hina ikishaingia kwenye pamba haitoki, nilikamua ndimu, nikamwaga dawa ya kung'arishia, nikasugua mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Nikachukua kisu nikaparuza fremu ya mlango. Nikafagia mkeka. Ninajua kufuta kuliko wanawake wote wa mtaa huu, na usiku huo nilimfuta Dama.

Kanzu zako nilikuwa nazionea fahari, unajua. Nikizifua kwa mkono, nikizitia bluu, mpaka watu wa msikitini wakawa wanauliza mamako anatumia sabuni gani. Umefika miaka ishirini na mitatu hujawahi kufua hata leso.

Mama Dama alikuja asubuhi. Alitoka hospitali, Dama amebaki kwa nesi. Akasimama mlangoni, hakuvua viatu, na miaka yote ile hajawahi kuingia kwangu na viatu. Akanieleza kwa maneno machache. Na unajua nilimwuliza nini? Sikumwuliza mtoto yu hali gani. Nilimwuliza, "Kwani mlango ulikuwa wazi?" Akanitazama mpaka nikashusha macho. Akaenda zake, na swali lile likabaki kwangu.

Siku ya tatu mjomba wako akaitisha suluhu. Ulikuwapo, uliketi karibu naye, ila sidhani kama uliona nilichokiona mimi, kwa sababu ulikuwa unaitazama simu. Walikuja wazee wawili, ikaletwa kahawa na halua, na Dama na mamake wakaketishwa kwenye mkeka karibu na mlango. Mjomba wako akaongea kwa upole sana. Akasema sisi ni majirani, tumekula pamoja, vijana wamekoseana na yafaa wasameheane, na kwamba heshima ya msichana ndiyo itakayoumia jambo likitoka nje. Hakumtukana mtu. Alimwita Dama binti yangu. Kisha akasema tusome Fatiha tufunge jambo, nasi sote tukainua mikono.

Dama na mamake ni watu wa kanisa. Walikaa mikono mapajani, hawajui wafanye nini, nasi tukawafungia jambo lao kwa dua yetu. Mikono ya Dama ilikuwa imeivishwa na hina, nyekundu imekoza, na wa kulia ulikuwa na ua lililovurugika. Nilisema amina. Nilisema kwa sauti. Kaimati zile za Maimuna na halua ile, Twahir, ni sahani moja.

Wiki haikwisha, mjomba wako akawaambia vyumba vya nyuma vinataka marekebisho, wakahamia Mikindani. Hakuna fundi aliyekuja mpaka leo. Kibanda cha mboga pale kona amekaa mtu mwingine. Nilidhani nitapumua. Badala yake mikono ikaanza kutetemeka, na tangu siku ile sijachora bibi harusi hata mmoja. Nawaambia watu ni macho.

Kisha akaja yule askari mwanamke. Humjui, ulikuwa umelala. Ni msichana mdogo wa bara, Kiswahili chake kinakwenda kikijikwaa, nikamcheka moyoni. Lakini alivua viatu mlangoni, akaniamkia shikamoo, akakaa kwenye mkeka wakati kiti kipo. Akaniambia faili la Dama amelikuta limelala chini ya mengine, na yeye amelitoa. Akaniambia daktari alijaza fomu yake siku ile ile, na Dama alieleza kwamba alimshika kijana kifuani akiwa na hina mbichi. Akaniuliza kanzu iko wapi.

Nikamwambia nimeigawa pamoja na nguo za marehemu mume wangu.

Akaandika. Akanisomea. Nikatia sahihi. Akanishukuru, akavaa viatu, akaenda. Nikamsimulia mjomba wako kwa kujisifu, na siku kumi baadaye viza yako ikawa tayari. Basi hiyo kazi ya Maskati, ambayo watu wanakuja leo kuiombea baraka, imeshonwa kwa uongo wangu. Wewe nadhani unalijua, hukuuliza kwa nini ghafla hivi.

Sasa nikwambie naogopa nini. Naogopa kufungwa kwako, usidhani siogopi. Nimeshaota mara tatu nimekuletea chakula na askari ananiambia hakuna mtu wa jina hilo. Naogopa kufungwa mimi, kwa kuwa niliweka sahihi kwenye uongo. Namwogopa kaka yangu, ambaye kesho atanitoa katika hesabu ya ndugu zake na nyumba hii ataitia mkononi akitaka. Naogopa wanawake wa mtaa, watakaosema nimemuuza mwanangu kwa ajili ya mpangaji. Lakini zaidi ya yote naogopa ufike salama. Naogopa upate kazi, uheshimiwe, upewe mke, uzae binti, na siku moja mtu mwingine akae mahali hawezi kujitetea, nawe uingie ukiwa na hakika ile ile kwamba mama atafua. Sitakuwapo kuona. Atakuwapo Dama mwingine, na mimi ndiye niliyekutuma.

Na naogopa kwamba unalala. Kila usiku napita mlangoni pako nasikia unavyovuta pumzi, umelala fofofo. Ningekusikia unagaagaa hata usiku mmoja, pengine barua hii ingekuwa nyingine.

Jumatatu nilipokwambia nakwenda sokoni, nilikwenda Mikindani. Niliuliza mpaka nikapata, chumba kimoja nyuma ya duka la mkaa. Mama Dama alinifungulia akanitazama sana, kisha akanipa stuli na maji, na mimi maji yale sikustahili lakini nikanywa. Dama alikuwa kwenye cherehani. Hakuniamkia, na sikutarajia. Amekonda. Aliendelea kushona, nami nikawa natazama mikono yake kwa kuwa uso sikuuweza. Ngozini hina imekwisha zamani. Kwenye kucha bado. Kucha hukua polepole, na ile hina imesukumwa juu, imebaki mwezi mdogo mwekundu kwenye ncha ya kila kidole. Mamake akaniambia amekataa kuzikata. Anasema zikikatwa hatabaki na kitu cha kuonyesha.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Radhi, bahati mbaya, shetani, yote. Nilipofungua kinywa nikaona nimekuja tena na sahani. Nikayaacha maneno yale. Cherehani ikalia mpaka Dama akasimamisha gurudumu kwa mkono. Akasema, "Mama Twahir, hina yako wewe waijua."

Basi. Hakunilaani wala hakulia. Nilitoka nikatembea mpaka barabara kuu ya malori, nikashindwa kuvuka, nikakaa kwenye ukingo wa duka la watu mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepotea.

Kanzu yako sikuigawa, Twahir. Doa halikutoka. Limefifia, limekuwa rangi ya chungwa, lakini vidole vitano vipo na majani matatu yapo, na nukta zote tatu. Niliikunja nikaificha chini ya unga wa hina, mahali ambapo hakuna mwanamume wa nyumba hii aliyewahi kutia mkono. Sijui niliificha kwa nini. Pengine nilikuwa naogopa kuichoma. Usiitafute sasa, haimo tena ndani ya nyumba, nimempa mtu wa mbali aniwekee, ambaye wewe humjui. Ona tulipofika, mama anamficha mwanawe kanzu kwa kuogopa ataichukua. Natamani ungeweza kunihakikishia kwamba hungeichukua.

Siwezi kukuzuia kupanda ndege. Pasipoti ni yako, na unaishika mkononi hivi unavyosoma. Mjomba wako atakuja na gari saa nne asubuhi. Lakini mimi saa tatu nitatoka. Nitaipitia kanzu njiani, kisha niende kwa yule askari, nimwambie niliyoyaandika hapa, kuanzia ndimu mpaka sahihi. Hilo nitalifanya uwepo usiwepo, kwa kuwa ule uongo ni wangu. Sihitaji ruhusa yako wala ya kaka yangu.

Ninachokuomba ni utoke nami. Sitasema mengi juu ya hilo, kwa sababu nikianza nitalia, na nikilia utanihurumia mimi, na mimi siye wa kuhurumiwa. Ukija, nitakupa kanzu uishike wewe. Utaiweka mezani kwa mkono wako, na utasema kwa mdomo wako, na mimi nitakaa pembeni kimya, jambo ambalo unajua sijapata kuliweza. Watakachokufanya sijui. Wakikuweka ndani, kila siku wanayoruhusu wazazi nitakuwa langoni, nitakuja na viazi vya nazi unavyopenda, nitakuja mpaka waniite kwa jina. Mwanangu ni wewe, na sina mwingine. Ila nguo zako huko utazifua mwenyewe.

Nawasikia mnarudi. Unacheka huko nje na binamu zako, cheko lako nalijua katikati ya watu mia, na bado linanifurahisha. Mungu anisamehe, linanifurahisha mpaka sasa.

Usiku wa leo nitakuwekea sahani kama kawaida, nitaitikia amina kwa kila dua, na sitakutazama sana ili usijue kitu mpaka uifungue pasipoti. Kesho saa tatu nitakuwa nimevaa. Nitagonga mlango wako mara moja.

Mara ya pili sitagonga.

Mamako